Mabomba ya Oktoba

Ilagala, 11 Februari 2024

Kwako mwanangu Joanitha,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za majirani ambao hata ukipishana nao njiani hutawakumbuka. Sisi tupo. Mguu wa mama yako mdogo Melania umepoa, amerudi kupalilia muhogo. Masikio yangu ndiyo yanazidi kunikimbia. Juzi ulipopiga simu nilisikia mvumo tu kama wa nyuki, nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kwa aibu. Basi turudie mtindo wetu wa tangu ulipokuwa chuoni. Barua hii anaileta Frida wa Katonga, yule anayepeleka dagaa huko Dar, na jibu lako umpe yeye atakapogeuza.

Binti yako Diana ametimiza miaka minne na ana maneno kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kila Frida akifunga mzigo anamwuliza kama kwenye magunia kuna nafasi ya mtu mmoja, mdogo, wa kwenda kwa mama yake.

Sasa la maji. Unajua tunavyochota maji mto Malagarasi. Mwaka jana mamba alimshika Marcelina mke wa mwalimu Erasto akiwa ameinamia ndoo, akamwacha na mkono mmoja. Tangu hapo wanawake wanakwenda mtoni kwa makundi, mmoja anachota, watatu wanapiga maji kwa fimbo. Mwaka huu Mungu ametukumbuka. Chemchemi ya kilimani imejengewa, bomba la chuma limeshuka mpaka kwenye tangi, na kutoka tangini kuja kwenye vituo vya kuchotea yameletwa mabomba ya PVC, lori mbili. Mimi ni katibu wa kamati ya maji na pia ndimi fundi, kwa sababu hakuna mwingine. Ubavuni yameandikwa jina la kiwanda chako. Nilimwonyesha kila mtu.

Nina swali la fundi. Mabomba mengine ni mazito kuliko nilivyozoea, na nikiyakata kwa msumeno yanatoa unga mweupe mwingi. Dereva alituambia PVC hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza gambuti na mikeka ya plastiki. Inakuwaje? Halafu kwenye machache yale maandishi ya mwisho yamesuguliwa, hayasomeki. Labda ni safari.

Baba yako mdogo,
Telesphory


Dar es Salaam, 6 Machi 2024

Baba Mdogo, shikamoo. Mama Mdogo pia, shikamoo.

Frida alinikuta getini wakati wa kutoka kazini, akanipa barua na kilo mbili za dagaa. Nilikula nikilia kidogo, usimwambie Mama Mdogo. Mimi ni mzima. Mkataba wangu uliongezwa Januari, kwa hiyo bado nipo maabara. Mwambie Diana nafasi kwenye gunia ipo, lakini asubiri atimize miaka sita ili aingie shule ya huku.

Umeniuliza vizuri, nami nakujibu kama fundi kwa fundi. Dereva hakukosea. PVC inatufikia ikiwa unga mweupe, laini, kama wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Unaitwa resini, na hauko wa aina moja. Tunaupima kwa namba. Wenye namba ya sitini na saba ndio wa mabomba, kwa sababu ukipoa unakuwa mgumu na unavumilia mgandamizo. Wenye namba ndogo, hamsini na saba hivi, huyeyuka upesi, nao ni wa viungio na chupa. Wenye namba kubwa hunywa mafuta ya kulainisha, ndio unaovikwa nyaya za umeme na kutengeneza gambuti. Upo na mwingine, laini kama poda, ambao ukichanganywa na mafuta hayo unakuwa uji mzito wa kupaka juu ya kitambaa. Ngozi bandia ya viti na maturubai hutoka humo.

Lakini resini peke yake haifai kitu. Ukiitia kwenye mashine bila kitu inageuka kahawia, kisha nyeusi, na inatoa moshi wa tindikali unaochoma koo. Kwa hiyo tunaitia vitu. Chokaa ya kuongeza ujazo, na ikizidi, bomba linakuwa zito na linavunjika. Nta ya kuteleza. Rangi. Na dawa ya kuzuia kuungua, ambayo ndiyo roho ya mchanganyiko wote. Dawa hiyo iko ya aina tatu: ya kalsiamu na zinki, ya bati, na ya madini ya risasi. Kila moja ina kazi yake.

Naomba uniandikie namba zilizobaki kwenye yale mabomba mazito. Zipo karibu na mwisho, tarakimu sita na herufi moja. Ziandike zote. Usimtumie mtu yeyote ujumbe wa simu kuhusu jambo hili, simu zetu huachwa getini na sijui nani anazishika.

Maji yakianza kutoka, Diana asiyanywe kwanza. Bomba jipya lina harufu. Ni hilo tu.

Mwanao,
Joanitha


Ilagala, 21 Aprili 2024

Mwanangu Joanitha,

Wazee hapa wanakusalimu kwa Kiha, mwakeye. Mvua ilikuwa nyingi, Frida alikwama Kigoma wiki tatu, ndiyo maana umengoja. Kaka yetu wa Simbo alituletea maharage. Melania anasema asante kwa kitenge.

Maji yametoka. Ningependa ungekuwepo. Siku ya kufungua, Marcelina ndiye aliyepewa heshima ya kuzungusha koki, kwa ule mkono wake uliobaki, na maji yalipomrukia usoni watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sasa hakuna anayekwenda mtoni. Njia ile imeanza kuota majani.

Namba ulizotaka ni hizi: 101723 C, 101823 C, 101923 C. Mabomba mazito yote ni ya namba hizo, yanakaribia nusu ya mzigo. Yapo chini ya ardhi yote sasa, isipokuwa vipande vilivyobaki hapa nyumbani.

Kuhusu harufu, sikuisikia. Na sikuweza kumzuia Diana maji ambayo kijiji kizima kinakunywa, watu wangesema tunaringa. Hajambo. Tumbo linamsumbua kidogo, na amekuwa mvivu wa kula. Watoto wakati wa mvua ndivyo walivyo.

Ulieleza aina tatu za ile dawa, kisha ukanyamaza. Mimi ni kiziwi wa masikio, mwanangu. Macho yangu yanasoma. Kuna nini?

Baba yako mdogo,
Telesphory


Dar es Salaam, 14 Mei 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Niwie radhi kwa salamu fupi. Mimi ni mzima wa mwili. Naomba usome barua hii ukiwa peke yako.

Namba zile ni tarehe: tarehe kumi na saba, kumi na nane na kumi na tisa Oktoba mwaka jana, zamu ya C. Wiki ile dawa ya kalsiamu na zinki ilituishia. Kontena lilikuwa limekwama bandarini. Msimamizi wetu wa uzalishaji, Nickson, hakutaka mashine zisimame, akaagiza yafunguliwe magunia ya dawa ya madini ya risasi, ile tunayotumia kwa mabomba ya maji taka na ya kupitishia nyaya. Akaongeza na chokaa. Dawa ile ni rahisi na inazuia kuungua vizuri kuliko zote, lakini haitakiwi kugusa maji ya kunywa. Risasi ni madini yale yanayowekwa kwenye betri za gari. Yanatoka kwenye ukuta wa bomba kidogo kidogo, hasa bomba likiwa jipya na maji yakilala ndani. Hayana harufu wala ladha. Yakiingia mwilini yanakaa kwenye mifupa, na kwa mtoto yanakwenda kwenye damu na akili.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, risasi inabaki. Kwa sasa kila asubuhi fungueni koki, maji yaliyolala usiku yote yamwagike kwanza. Diana asiyanywe kabisa. Mchoteeni yake tangini, juu ya mahali PVC inapoanzia.

Tumbo kidogo ni nini, Baba Mdogo? Linauma saa ngapi? Anapata choo? Amepauka? Niandikie kama ilivyo, usinipunguzie.

Huku mambo si mazuri. Kila mzigo tunaotengeneza huwa tunaweka kipande kimoja kabatini, maabara, kwa miaka miwili. Jumatatu nilifungua kabati, vipande vya Oktoba havipo. Kufuli ni zima. Jana Nickson alinisimamisha kwenye korido akaniuliza kwa upole kabisa, "Nasikia una ndugu Kigoma. Hawajambo?" Sijawahi kumwambia natoka wapi.

Barua hii ichome moto.

Joanitha


Ilagala, 9 Juni 2024

Joanitha,

Sikuichoma. Nimeiweka mahali.

Nimekaa na barua yako siku kumi bila kumwambia mtu. Kila asubuhi naona wanawake wapo kwenye koki wanacheka, nami napita upande wa pili wa njia. Nikiwaambia, watarudi mtoni, na mamba wapo. Nisipowaambia, wanakunywa. Sijui mtu anachaguaje hapo. Koki ninazifungua mimi mwenyewe alfajiri, namwaga maji ya usiku, na watu wanasema katibu amechanganyikiwa.

Sasa nikuandikie kama ilivyo. Tumbo linamuuma Diana kila siku. Anakaa siku nne bila choo. Amepauka mpaka ndani ya midomo. Zahanati walimpa dawa ya minyoo mara mbili. Wiki iliyopita Melania alimwambia ahesabu vidole, jambo analolijua tangu mwaka jana, akafika sita akasimama, akatuangalia kama sisi ndio tuliosahau.

Kuna jambo sikukuandikia. Mabomba hayakuja na soketi za kutosha. Nilikuwa nayatia mwisho wake kwenye moto wa mkaa hapa uani, yakilainika nayatanua kwa gogo la mviringo ili yaingiliane. Ule moshi unaochoma koo naujua, nilikohoa nao miezi miwili. Na nilikuwa nayakata hapa hapa, chini ya ukuta wa jiko. Unga ule mweupe ulikuwa unajaa chini. Diana alikuwa anauzoa kwa kopo, anautia maji, anasonga ugali. Alikuwa anatupikia. Alikuwa anauonja kama anavyoona bibi yake anaonja mboga. Melania alimkataza mara moja, mimi nikasema mwache acheze, ni chokaa tu.

Nilisema hivyo, Joanitha. Maneno hayo ni yangu.

Na wewe una jambo hukuniandikia. Lori zilikuja na vyeti vya ubora. Ninavyo, kwa sababu mimi ni katibu. Kila kimoja kimeandikwa: kwa matumizi ya maji ya kunywa. Chini yake kuna sahihi. Ile J yenye mkia mrefu niliiona mara ya kwanza kwenye daftari lako la darasa la tano, marehemu kaka yangu Oswald, baba yako, alipokuwa anakufundisha kusaini jina. Sijamwonyesha Melania.

Telesphory


Dar es Salaam, 18 Juni 2024

Baba Mdogo,

Naandika nikiwa kwa rafiki yangu Yasmini. Nimehama chumba changu. Nilirudi kutoka kazini Ijumaa nikakuta vitu vimeguswa: godoro limegeuzwa, mchele umemwagwa. Hawakuchukua chochote kwa sababu nilichoficha sikukiweka pale.

Mpelekeni Diana hospitali ya mjini Kigoma leo hii. Msingoje nguo zikauke. Waambieni wampime damu kwa ajili ya madini ya risasi, mtaje na ule unga aliokula. Kama hawana kipimo wachukue damu waitume huku. Uani fukieni unga wote. Msiufagie, utaruka. Nyunyizieni maji, mkwangue udongo kwa jembe, muufukie mbali na watoto na mbali na maji.

Sahihi ni yangu.

Nickson aliniletea vyeti kumi na viwili kwa pamoja mwishoni mwa Oktoba. Alisema ni vya maji taka. Nafasi ya kuandika matumizi ilikuwa tupu katika vyote. Nilijua haitakiwi kuwa tupu. Niliuliza, akasema karani atajaza, akasimama karibu na meza akiwa ameshika kalamu yake mwenyewe. Nilisaini mahali patupu mara kumi na mbili. Mtu mwingine ndiye aliyejaza maneno uliyoyasoma.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa kweli, lakini isingekuwa kweli yote. Desemba nilipita kwenye uwanja wa kupakilia. Lori lilikuwa linapakia mabomba ya Oktoba, na kijana mmoja alikuwa anasugua maandishi ya mwisho kwa brashi ya chuma. Ubao wa lori uliandikwa Kigoma. Nilisimama. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Januari. Nikajiambia Kigoma ni kubwa, labda ni ya mitaro ya mjini. Nikaenda kula chakula cha mchana.

Hukunizaa, lakini uliuza mashua yako nisome kitu hiki hasa, kemia ya plastiki, ili siku moja nijue tofauti ya gunia na gunia. Niliijua.

Ninacho kipande cha tarehe kumi na nane Oktoba, nilichokiokota kwenye mabaki ya uwanjani, na nilipiga picha ukurasa wa daftari la kuchanganyia unaoonyesha magunia yaliyofunguliwa. Keshokutwa ninavipeleka serikalini, kwa wakaguzi wa ubora. Naogopa sana. Naogopa kwenda, na naogopa kwamba nikilala usiku mmoja zaidi sitakwenda.

Waambie watu wa Ilagala. Waonyeshe cheti. Wataje na jina langu.

Joanitha


Ilagala, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Nimeanza na neno hilo ili usome barua iliyobaki ukijua.

Diana yupo hai, anacheka. Tulimpeleka siku ile ile barua ilipofika. Daktari, binti wa Bukoba aliyehamishiwa Kigoma mwaka huu, anaitwa Dorotea, alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akamtoa damu yeye mwenyewe. Ilitumwa huko kwenu. Majibu yalikaa siku kumi na sita. Namba yake ni arobaini na moja. Alisema mtoto hatakiwi kufika hata tano. Ingefika arobaini na tano angelazwa na kutiwa dawa ya kuyavuta madini. Kwa namba hii tiba ni kumwondoa kwenye sumu, kumpa madini ya chuma, na kumlisha vizuri, dagaa na maziwa na mboga za majani, na kusubiri. Nilimwuliza kama akili itarudi. Melania alirudia jibu sikioni mwangu: "Anasema hajui. Anasema hatakudanganya." Nilimpenda daktari huyo na nikamchukia.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumapili iliyofuata. Nilisimama nikasoma cheti. Nikasema sahihi hii ni ya binti wa kaka yangu, na mabomba nimeyaunga mimi, na mjukuu wetu damu yake ina sumu. Nikasema koki zifungwe. Kwa kuwa sisikii, niliona midomo tu. Kisha Marcelina akasimama, akasema neno fupi, na wote wakageuka kunitazama. Melania hakutaka kulirudia sikioni mwangu. Nilimshika mkono mpaka akasema: "Ameuliza, mkono upi sasa ampelekee mamba."

Aliyepata jibu ni mumewe Erasto. Alisema bomba la chuma halina neno, basi tuchote tangini. Ni mwendo wa dakika arobaini kupanda, na foleni ndefu, lakini hakuna mamba. Walikubali. Usiku huo huo mtu alivunja dirisha letu kwa jiwe. Simlaumu. Wiki ya pili wanawake wawili walichoka na kilima, wakashuka mtoni. Walirudi salama. Kila siku naangalia ile njia kama majani yanalala.

Siku hizi Diana anauliza kwa nini jikoni kwake pamefukiwa.

Wewe uko wapi? Frida anasema getini wamemwambia hawajui mtu wa jina hilo.

Telesphory


Dar es Salaam, 3 Septemba 2024

Baba Mdogo, shikamoo. Mama Mdogo, shikamoo.

Nipo kwa Yasmini bado. Getini wamesema vile kwa sababu nilifukuzwa siku mbili baada ya kwenda kwa wakaguzi. Nilipofika kwao, mzee mmoja alikipima kipande changu mbele yangu, akakipima tena, akafunga mlango wa ofisi. Nilidhani ananifungia. Alikuwa anazuia watu wasisikie anapopiga simu. Wiki iliyofuata walifika kiwandani bila taarifa. Magunia ya risasi yalikuwa yamehamishwa, lakini mashine ya kuchanganyia ina ukoko ndani, na ukoko hausuguliki wote.

Nilitoa maelezo kurasa tisa. Niliandika kuhusu vyeti, na niliandika pia kuhusu lori la Desemba, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mwanasheria wa kujitolea alisema ningeweza kuliacha. Huenda nikashtakiwa pamoja na Nickson. Yeye yupo nje kwa dhamana. Alinikuta kituo cha basi wiki iliyopita, akanisalimia, akasimama nami mpaka basi likaja, na hakupanda. Mimi nilipanda bila hata kuangalia basi linakwenda wapi.

Kiwanda kimeamriwa kubadilisha mabomba yote ya siku zile tatu, Ilagala na vijiji vingine viwili. Mapya yatakuwa ya kalsiamu na zinki, yenye maandishi kamili. Mzee yule mkaguzi atakuja nayo.

Namba ile, arobaini na moja, naiandika popote penye karatasi.

Joanitha


Ilagala, 30 Oktoba 2024

Mwanangu Joanitha,

Melania anakusalimu, na leo ni yeye aliyenihimiza niandike. Diana amepimwa tena. Ishirini na sita. Choo kimerudi, tumbo limetulia. Anahesabu mpaka tisa. Mwalimu wake wa chekechea anasema herufi zinamshinda, wenzake wamempita, lakini anasema pia watoto hawafanani. Siku nyingine namwamini.

Mabomba mapya yamefika. Tumeyafukua ya zamani wenyewe, kijiji kizima. Soketi zimekuja zote, hakuna aliyewasha moto. Mkaguzi ameyapima, cheti anacho. Lakini kamati imekataa kukipokea. Marcelina, ambaye sasa ni mjumbe, amesema wamewahi kupewa karatasi yenye maneno mazuri. Nilijaribu kukutetea, akaninyamazisha kwa kiganja. Uamuzi ni huu: uje wewe, upime maji mbele yao kwenye kila kituo, usaini hapa hapa, kisha unywe. Wakishaona umekunywa, ndipo watakunywa.

Sikulazimishi. Wapo wenye hasira bado, na dirisha letu bado ni la mbao.

Baba yako mdogo,
Telesphory


Dar es Salaam, 12 Desemba 2024

Baba Mdogo, shikamoo. Mama Mdogo, shikamoo sana.

Nilifika salama kwa treni, siku mbili na nusu, nimerudi kwa ajili ya mahakama. Kesi imeahirishwa hadi Januari. Mwambie Diana kiatu chake kimoja nimekikuta kwenye begi langu, sijui alikitia lini.

Siku ile kwenye koki uliniangalia, ukasubiri niseme, nami nikageukia vifaa vyangu. Nakujibu sasa kwa sababu usoni nisingeweza.

Nilipima vituo vyote saba. Nilipima mara tatu kila kimoja, mkaguzi akapima tena. Hakikuonekana kitu. Nilisaini, na kila mstari wa cheti kile ulikuwa umejazwa kwa mkono wangu. Marcelina alinijazia kikombe mwenyewe, akasimama karibu mpaka nikaona jasho la juu ya mdomo wake. Nilikunywa chote. Hilo halikuwa gumu. Hata kama kungekuwa na kitu ndani, ningekunywa.

Kisha Diana akanivuta sketi, akasema, "Na mimi."

Baba Mdogo, nilikuwa najua. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyejua kama mimi nilivyojua kwamba maji yale ni safi. Namba nilikuwa nazo mkononi, bado zina unyevu wa wino. Nikashika kikombe na mkono ukakataa. Nilimwambia asubiri kidogo. Watu wote waliona. Niliona Marcelina anakitazama kikombe, kisha ananitazama mimi, na nikajua kwamba nikikaa hivyo kwa muda mfupi zaidi, kesho yake wanawake wangekuwa mtoni.

Mama Mdogo ndiye aliyekitoa mkononi mwangu. Hakunisema. Alikijaza, akanywa nusu, akampa Diana nusu iliyobaki, na Diana akanywa huku ananitazama kwa juu ya ukingo wa kikombe, kama mtoto anayeangalia kama atagombezwa.

Ndipo Marcelina akainamia koki.

Joanitha